Siku yangu kwenye usukani wa foklifti

Saa 12:40 asubuhi. Zamu inaanza saa 1:00, ila napenda kuuzunguka mtambo wangu wa kunyanyua mizigo kabla hajafika mtu wa kunihimiza. Kwanza naangalia sakafu: doa la mafuta chini ya mlingoti, zile nguzo za mbele zinazoinua mzigo, maana yake bomba la haidroliki linavuja. Kisha uma, ile mikono miwili ya chuma inayobeba mzigo, hasa pale unapopinda, maana nyufa huanzia hapo. Minyororo, matairi, breki, mkanda. Leo honi inakwaruza tu. Kuna wanaosema honi si kitu. Mimi bila honi sitoki. Fundi amekaza waya, nimeandika kwenye daftari.

Saa 2:00. Lori la kwanza limerudi nyuma hadi jukwaani na dereva wake anahema kwa haraka. Siingizi gurudumu ndani mpaka nione kabari chini ya matairi yake na ufunguo uko kwa msimamizi. Breki ya mkono peke yake haiaminiki. Kila nikiingia na kutoka, lori husukumwa kidogo kidogo mbele, na pengo linaloachwa pale ndipo foklifti hutumbukia.

Saa 4:15. Kreti la mashine, limeandikwa kilo 2,300.

“Kaka, yako si ya tani mbili na nusu? Beba tu,” ananiambia kijana wa kupakua.

Nikamwita asome kibao kilicho mbele ya usukani. Kilo 2,500, sawa, lakini kwa milimita 500, yaani kutoka uso wa uma hadi katikati ya uzito wa mzigo. Kreti lina urefu wa mita 1.4, na alama ya kitovu cha uzito imechorwa katikati kabisa: milimita 700. Kuligeuza hakusaidii, pande zote ni sawa. Foklifti ni mizani: ekseli ya mbele ndiyo egemeo, mzigo upande mmoja, chuma kizito cha nyuma upande wa pili. Kwa mtambo wangu, kutoka ekseli hadi uma ni kama milimita 480. Zidisha 2,500 kwa 980 (480 na 500), gawanya kwa 1,180 (480 na 700), unabaki na kilo 2,076 hivi. Hiyo ni hesabu ya kukutia adabu tu. Ruhusa hutoka kwenye chati ya mtengenezaji. Tungelazimisha, magurudumu ya nyuma yangekuwa mepesi, na hayo ndiyo yanayokata kona. Unazungusha usukani, mtambo hausikii. Tuliita foklifti ya tani tano, tukasubiri. Kijana alinuna kidogo.

Saa 6:30 mchana. Njia za rafu. Uma sentimita 15 kutoka sakafuni, mlingoti umelala nyuma. Mzigo ukinizibia macho narudi kinyumenyume. Kwenye mteremko, mzigo unaangalia juu, nikipanda au nikishuka. Jamaa mmoja akaomba nimnyanyue kwa uma achukue boksi. Nimemwonyesha ngazi.

Saa 9:00. Nina mwanagenzi. Mkanda anaufunga kwa shingo upande, basi nikamweleza. Mtambo ukianza kupinduka, roho itakuambia ruka, na ukiruka unatua palepale paa la kinga linapoangukia. Wengi hufia hapo, chini ya paa lililowekwa kuwalinda. Baki kwenye kiti, shika usukani kwa nguvu, kaza miguu, egemea upande ulio kinyume na unakoangukia. Akaufunga vizuri bila kuambiwa tena.

Saa 10:45 jioni. Uma chini hadi sakafuni, gia huru, breki, ufunguo mfukoni. Napeleka chaji. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, kwa hiyo madirisha wazi na sigara mbali. Maji yaliyotoneshwa huongezwa baada ya chaji. Ukijaza kabla, asidi itafurika. Wa zamu ya usiku nimemwachia ujumbe: tairi la nyuma kulia limeanza kumeguka, fundi aliangalie kabla mtambo haujatoka.