Panya ndani ya kipanya

Haisi za zamani tulizoea kuziita vipanya, kwa hiyo cheka kabisa kabla sijaanza: kipanya changu kilijaa panya.

Ni Toyota Hiace ya zamani, ile ambayo injini iko chini ya viti vya mbele. Nilitoa viti vya abiria, nikaweka kitanda cha mbao, jiko dogo la gesi na nafasi ya marobota mawili ya mitumba. Nauza masweta Lushoto, kwenye baridi yake, na nikilala garini naokoa hela ya gesti. Siku nisizosafiri gari hulala uani kwangu hapa Tanga, Mikanjuni, chini ya mwembe, ubavuni mwa rundo la makuti. Wewe umeshaliona kosa. Mimi ilinichukua miezi.

Kilichonishtua ni sweta. Mama mmoja pale Lushoto alilishika sweta la mtoto, akaligeuza: mkono umetafunwa, na ndani yake mavi ya panya, meusi, saizi ya punje za mchele. Akaliachia kama limemchoma. "Mwanangu, sisi huku tauni tumeiona." Kweli, ugonjwa huo unaoletwa na viroboto wa panya uliingia wilaya ile mwaka 1980 na uliendelea kurudirudi kwa zaidi ya miaka 20. Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshafunga biashara.

Nilianza vibaya, kwa sumu. Nilinunua pakiti kwa machinga, nikaimwaga nyuma ya kitanda. Walikufa, ila mmoja alikwenda kufia kati ya bati la ubavu na mbao za ndani. Siku ya tatu, kwenye kona za mlima kutoka Mombo kwenda Soni, nilikuwa naendesha kichwa kiko dirishani. Ilibidi nibomoe ukuta wote wa mbao ndipo nikampata. Paka wa jirani naye alikufa wiki ileile. Sina ushahidi, lakini kila nikimwamkia yule bibi shikamoo, macho nayapeleka pembeni. Sumu nikaiacha. Nikajaribu dawa ya nondo, vile vidonge vyeupe: panya hawakujali, aliyeumwa kichwa ni mimi niliyelala navyo milango imefungwa.

Aliyeniokoa ni fundi bodi, na siku ya kwanza hakushika hata spana. Alikuja usiku. "Zima taa zote za uani, kaka. Mimi naingia ndani na taa, wewe lala chini ya gari, utazame juu." Nikatandika jamvi kuukuu, nikalala chali. Alipokuwa anapitisha taa sakafuni, mimi huku chini naona nyota: moja kwenye mpira wa gia uliopasuka, mbili pale mwenye gari wa zamani alipotoboa kupitisha nyaya za redio, na safu nzima juu ya tairi la nyuma, ambako chumvi ya bahari imekula bati. Zile ndogo nilizidharau. Akanikatalia: panya mdogo hupita tundu la upana wa penseli, milimita 6 tu, na yule mkubwa milimita 12 zinamtosha.

Bati alilichomelea viraka. Mpira wa gia tuliuchomoa kwenye gari bovu. Matundu ya nyaya niliziba mwenyewe kwa stilwaya na silikoni, na hapo nikakosea tena, maana kwa hewa yetu hii ya pwani stilwaya iligeuka unga mwekundu baada ya miezi michache. Tumia ile ya kusugulia masufuria iliyojikunjakunja na kung'aa, isiyoshika kutu. Na usiikandamize kwenye nyaya zenyewe, ikichubua ganda utapata shoti. Mimi nyaya nilizivisha kwanza kipande cha mpira wa bomba.

Waliobaki ndani niliwatega kwa mitego ya kubana, chambo nazi iliyochomwa kidogo. Usiku wa kwanza hakuna aliyesogea, panya ana wasiwasi na kitu kigeni. Basi nikaacha mitego bila kuitega, nazi tu, usiku tatu. Wakazoea kula bure. Usiku wa nne nikaitega, kando kando ya ukuta, maana panya hapendi kukatiza katikati. Nikapata wanne kwa siku mbili. Niliwatoa nimevaa glovu, kwa sababu panya akipoa viroboto wake hutafuta mwenyeji mwingine. Na mavi sikuyafagia makavu, vumbi lake utalivuta puani. Niliyalowesha kwa maji yenye klorini, nikasubiri, kisha nikayafuta. Tangu homa ya mgunda izuke Ruangwa mwaka 2022, mkojo wa panya siuchukulii mzaha.

Tawi la mwembe lililogusa paa la gari nililikata, makuti nikayahamisha, na chakula chote, hata sukari, kinakaa kwenye debe lenye kifuniko.

Hadi leo gari likilala hapa nyumbani hunyunyizia majivu kuzunguka matairi, nione nani kapita. Juzi asubuhi nilikuta nyayo zimekuja hadi tairi la nyuma, zikalizunguka mara mbili, halafu zikakata kona kuelekea kwa jirani, kwenye bajaji yake. Mchana akanifuata kuuliza ile stilwaya inayong'aa inauzwa wapi.