Namba ya kwenye kitufe si joto la waksi

Bibi harusi alikuja Alhamisi jioni, ndoa yake Jumamosi. Saluni yangu iko Sinza, Dar es Salaam, chumba kimoja nilichokigawa kwa pazia, na siku hiyo watu walikuwa wamekaa mpaka barazani. Mashine ya kuyeyushia waksi, ile ya kung'olea nywele za mwilini, ilikuwa inawaka tangu saa nne asubuhi, kitufe cha joto kikiwa katikati kama siku zote. Nilichovya kijiti, nikapaka mstari wa kwanza chini ya goti. Akaurusha mguu. "Dada, inachoma!" Wateja wa mara ya kwanza hulalamika sana, kwa hiyo nikamwambia avumilie kidogo. Neno hilo linaniuma mpaka leo. Nilipobandua kitambaa palibaki ukanda mwekundu wenye urefu wa kidole changu cha kati, na kabla hajatoka palikuwa pameshaanza kutunga lengelenge.

Nilimpeleka bombani, nikauweka mguu chini ya maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Mteja mmoja alisema nipake dawa ya meno, mwingine akasema ute wa yai. Nilikataa vyote viwili, kwa sababu jeraha la moto linataka maji safi na kuachwa lipumue joto lake. Mama yake hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mashine yako si ina namba? Huwa huzitazami?"

Nilikuwa nazitazama. Kitufe kilikuwa palepale kilipokuwa kwa miezi minane, na hakuna mtu aliyekuwa ameungua. Usiku ule nililala na swali hilo hilo: namba ni ileile, mbona joto si lilelile?

Kesho yake niliazima kipimajoto cha sindano kwa jirani anayepika keki. Niliwasha mashine, nikafunga kifuniko, nikaiacha saa nzima bila kuigusa, nikachomeka sindano. Katikati ya bakuli ilisoma nyuzi 53. Nikaisogeza pembeni, karibu na ukuta wa bakuli: 66. Nikafuta sindano, nikarudia, nikapata hivyo hivyo. Ndipo nikakumbuka jinsi ile Alhamisi ilivyokwenda. Asubuhi nilikuwa na wateja wa waksi mfululizo, kifuniko wazi, feni inapuliza, nachota na kukoroga kila dakika, na joto lote lilikuwa linatoka. Mchana nikaingia kwenye kusuka, mashine nikaifunika, haikukorogwa. Jioni, bakuli likiwa limebaki robo, nikachota pembeni kabisa mwa bakuli nikampaka mtoto wa watu.

Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde tano hivi. Ya nyuzi 50 huchukua dakika kadhaa. Tofauti ni nyuzi kumi tu, lakini ndizo zinazotenganisha mteja kusema "inapasha vizuri" na mteja kupelekwa bombani. Na waksi, tofauti na maji, haimwagiki ikaondoka. Inang'ang'ania palepale ilipopakwa.

Basi nikaanza upya. Mashine yangu ilikuwa ile ndogo ya plastiki ya mililita 500 iliyojaa kila duka la vipodozi, na sisemi kwamba zote ni mbaya, ila nilitaka kuchagua kwa kujua. Nikaenda Kariakoo na kipimajoto mkobani. Kijana wa duka la kwanza aliniambia, "Dada, hii haina shida, watu wote wanachukua hii hii." Nikamwambia, "Sawa kaka, naomba uichomeke." Akakataa. La pili nalo hivyo hivyo. Duka la tatu wakachomeka, nikakaa kwenye kigoda chao karibu nusu saa nikiitazama.

Niliangalia kwanza maandishi yaliyo chini ya mashine: volti. Umeme wetu ni wa volti 230, na kuna mashine nzuri sana zinazokuja kwenye mabegi ya ndugu kutoka Marekani ambazo ni za volti 120. Rafiki yangu aliletewa mojawapo, akaichomeka na adapta ya kawaida, akidhani adapta inapunguza umeme. Adapta ya kawaida inabadilisha umbo la plagi tu. Mashine ilitoa moshi siku hiyo hiyo.

Baada ya volti nikaangalia bakuli la ndani. Liwe la alumini, lenye mkono wa kushikia, litoke lote. Waksi ikimwagikia ndani ya mashine inaganda chini ya bakuli, bakuli halikai sawa, na kuanzia hapo huwezi tena kujua kitufe kinapima nini. Wati sikuhangaika nazo sana. Nyingi ni wati 100, na hata ikiwaka saa kumi bila kupumzika haiwezi kula zaidi ya uniti moja ya Luku. Anayekuuzia mashine ya bei kubwa kwa sababu "inabana umeme" anakuuzia maneno.

Lakini kipimo chenyewe nilikifanya nyumbani, kwa maji, na ndicho ninachomwambia kila anayeanza kazi hii. Kabla hujatia waksi, jaza bakuli maji hadi nusu, ning'iniza kipimajoto kisiguse chuma, weka kitufe kwenye alama moja, andika joto kila dakika kumi kwa muda wa saa moja na nusu. Mashine ya kwanza niliyonunua, kwenye alama ya katikati, ilipanda mpaka 67, taa ikazimika, ikashuka mpaka 58 ndipo ikawaka tena. Inayumba nyuzi tisa! Nilirudi nayo dukani na daftari langu, tukaelewana, nikaongeza hela nikachukua nyingine. Hiyo ya pili ilipanda na kushuka kwa nyuzi mbili, tatu. Ndiyo niliyo nayo.

Nilikuja kununua na ndogo ya pili. Mashine mbili ndogo zimenifaa kuliko moja kubwa, maana waksi ya vitambaa ya miguuni na mikononi haitaki joto sawa na waksi ngumu ya punje ninayotumia kwapani na kwenye mdomo wa juu.

Kitu kingine nilichokuwa sikijui ni kwamba kuna joto la kuyeyushia na joto la kufanyia kazi. Punje zikiwa kavu zinahitaji joto kubwa ili ziyeyuke zote. Zikishayeyuka, kitufe kinashushwa, halafu unasubiri, na kusubiri kwenyewe kunaweza kufika nusu saa. Wengi tunaunguza wateja hapo: tumeyeyusha, mteja amefika, tunaanza. Mimi nimetia nukta mbili za rangi ya kucha kwenye mashine, nyekundu pa kuyeyushia na nyeupe pa kufanyia kazi. Namba zilizochapwa kiwandani sizitazami tena.

Kwa waksi ninazotumia mimi, ya vitambaa inakwenda vizuri kati ya nyuzi 40 na 45, na ya punje kati ya 45 na 50. Waksi yako inaweza kuwa tofauti. Soma kopo lake kwanza. Ninachotafuta ni joto la chini kabisa ambalo waksi bado inakubali kutandazwa. Ya vitambaa ikiwa sawa hutiririka kutoka kwenye kijiti kama asali, uzi mmoja usiokatika. Ikitiririka kama chai, ni moto mno, na haishiki nywele hata kama mteja angevumilia, kwa sababu inalala nyembamba mno. Ya punje iwe kama uji mzito. Ikipoa kupita kiasi inavuta nyuzi kila mahali, inalala nene, na ukiibandua inakatika vipande. Zamani, ikikatika nilikuwa nasema waksi ni feki. Mara nyingi waksi ilikuwa nzima. Joto ndilo halikuwa sawa.

Kipimajoto cha kulenga, kile cha mwanga, nilikijaribu nikakiacha. Kinasoma utando wa juu tu, na ule unapozwa na feni. Juu kumepoa, chini kunachemka. Siku hizi nakoroga kutoka chini kwenda juu, nahesabu hadi ishirini, nachomeka sindano katikati, ndipo najipaka tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono wangu. Hilo la kifundo siliruki hata kama sindano imesema 43, kwa sababu kipimajoto si ngozi ya mtu. Kisha naweka tone kwa mteja, namwuliza, na akisema inachoma nasimama. Sisemi tena vumilia.

Januari yetu ni tabu ya aina yake. Chumba kina joto la zaidi ya nyuzi 30, mteja ametoka kwenye daladala na jasho, waksi haishiki ngozi yenye unyevu. Nilikuwa naongeza moto nikidhani imepoa. Kumbe dawa ni kumkalisha mteja dakika kumi mbele ya feni, kumfuta, kumpaka poda kidogo sana. Julai ndiyo naongeza kidogo kitufe. Na umeme ukikatika katikati ya mguu, sikimbilii jiko la gesi. Nilishafanya hivyo mara moja, sufuria juu ya moto wa wazi, waksi ikafika mahali ikaanza kutoa moshi. Waksi inashika moto kama mafuta. Sasa namaliza kwa wembe au mteja anarudi kesho bila kulipa tena.

Mama mdogo wangu wa Tanga, ambaye amewaandaa mabibi harusi tangu sijazaliwa, alisikiliza habari hizi zote akanionea huruma. Yeye anatumia sukari, ndimu na maji, anapika mpaka rangi iwe ya asali iliyokolea, anaacha ipoe mpaka aweze kuifinyanga kwa vidole, ndipo anampaka mtu. "Mimi kipimajoto changu ni mikono yangu," aliniambia. "Kisichonichoma nikikifinyanga hakimchomi." Na ana haki. Ukifinyanga kwa mkono unaungua wewe kwanza. Kijiti ndicho kinachomficha fundi joto. Shida ya sukari ni unyevu wa pwani, maana inavuta maji ya hewani na kulainika, na kwa siku yenye wateja kumi na wawili mimi siiwezi. Lakini kila nikisita kuhusu ngozi ya mtu, namkumbuka.

Ngozi zenyewe hazilingani. Ninayemwogopa kuliko wote ni mteja wa mkorogo. Ngozi iliyokaa kwenye krimu za kujichubua imekuwa nyembamba, na waksi hata ikiwa na joto sahihi inaondoka na tabaka la juu. Sasa nauliza kabla hajalala kitandani, kwa sauti ya chini, pazia limefungwa, kwa sababu ukimwuliza mbele ya watu atakataa. Nauliza pia vidonge na krimu za chunusi, na sukari mwilini, kwa kuwa mwenye kisukari anaweza asihisi moto kwenye miguu na kidonda chake hakiponi upesi. Hao wote namwambia mmoja mmoja ukweli: kwako natumia mashine ya kunyolea. Wapo walioondoka wakaenda kwa jirani.

Na kijiti kikishagusa ngozi hakirudi kwenye bakuli. Kuna wanaosema moto unaua vijidudu. Kwenye nyuzi 45 hauui, na waksi ikivuta nywele inavuta na chembe za damu. Boksi la vijiti ni bei ndogo.

Yule bibi harusi lengelenge lilipona, likaacha alama nyeusi. Gauni lilikuwa refu, halikuonekana. Nilimrudishia hela yake ile jioni, na miezi minne baadaye alikuja tena, safari hii na mdogo wake. Kabla sijashika kijiti nilimwonyesha kipimajoto: 42. Akanyoosha mkono, akasema nianze na kifundo chake, na mimi nikasubiri aseme.