Nimekuja kukiangalia tu

Leo siku ya nne na bado naisikia sauti yangu mwenyewe pale yadi ya magari. "Nimekuja kukiangalia tu." Kaka alishuka kwenye gari yake, akakizunguka kile kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, mara moja, akagonga mlango kwa kidole, akasema, "Hiki? Mdogo wangu, mteja akuone unashuka kwenye hiki halafu akupe nyumba yake uikarabati?" Na mimi, risiti ya advansi niliyokilipia iko kwenye pochi, haijamaliza hata saa, nikajibu nimekuja kukiangalia tu.

Kwanini sikumwambia? Ndo kinachoniuma. Majibu nilikuwa nayo, hesabu nimepiga tangu Ramadhani, mnajua. Hilux ya kueleweka ingemeza hela ya rangi na tiles za kazi tatu. Kirikuu ni cc 660, mafuta kinanusa tu, mzigo wake kilo 350, yaani mifuko 7 ya simenti basi, lakini simenti mimi naletewa na watu wa hadwea kwa Canter, ninachohangaika nacho kila siku ni ndoo za rangi, ngazi na mashine ya kukatia tiles. Yote hayo yalikuwa mdomoni. Nikasema kukiangalia tu.



Sasa jana fundi wangu Baba Zai kaja kukiona. Hakuongea, katoa futi. Urefu wa nyuma haufiki mita 2, bodi ya gypsum ni mita 2.4, akasema tutachomelea keria ya chuma zilale juu. Akapima upana, hauzidi mita moja na nusu, akaniangalia anacheka: "Bosi, hiki kinafika mpaka mlangoni kwa yule bibi wa Tandale." Jamani! Masika yale Canter liliishia barabarani, bodi 40 zikabebwa kichwani kichochoro kizima na mvua juu, 3 zikakatika nikazilipa mimi, bibi wa watu kalala sebuleni kwa jirani siku mbili zaidi. Nilifurahi nikataka kumpigia kaka usiku uleule.

Sikumpigia. Jumapili nitakwenda kwa mama nakiendesha mwenyewe, kaka atanikuta huko. Ila nilivyompigia mama kumwambia nakuja, kasema jicho la kushoto linaona ukungu tangu Jumatatu, eti ni moshi tu wa jikoni. Moshi gani, na anapikia gesi.