Watoto wawili, testi moja

Mwaka ule nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, tulikuwa na watoto wawili wa darasa la sita: binti yangu, na mtoto wa mdogo wangu anayefanya kazi Kolwezi. Wote walitaka kuingia la saba katika shule ileile ya binafsi ya mjini.

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali hailipiwi. Lakini ukifika la saba, ambako sekondari inaanzia, unalipa, na shule ya binafsi ndiyo inayouma: trimesta kwa trimesta, tena kwa dola. Kwa hiyo kabla ya kuchukua fomu, mimi na mume wangu tulipiga hesabu ya miaka sita mpaka mtihani wa Diploma, ule wa kumaliza sekondari, pamoja na yunifomu, vitabu na nauli. Shule tusizoweza kuzilipa mpaka mwisho hatukuzitaja mbele ya watoto. Kumwonjesha mtoto shule ya mwaka mmoja kisha kumtoa, mimi siwezi.

Testi ya kuingia ilikuwa ya Kifaransa na hesabu. Jioni nilikuwa nawasomea diktee, yaani imla, nasoma kwa mwendo wa mwalimu, sirudii ovyo. Mtoto wa mdogo wangu nilimgundua hapo. Nikimsomea hesabu ya mifuko ya unga wa bukari (ugali) kwa Kiswahili, jibu linatoka kabla sijamaliza. Nikimpa hesabu hiyohiyo kwa Kifaransa, kalamu inasimama. Tukaanza kufanyia kazi maneno ya maswali: gawa, punguza, kilichobaki ni ngapi. Alipanda, ila muda ulikuwa mfupi.

Majina yanabandikwa ukutani. Niliwaambia watoto mapema kwamba nitaenda peke yangu, na wakakubali. Pale ukutani alikuwepo msichana akishusha kidole kwenye orodha mpaka chini, kisha anaanza tena juu, na watu wamemzunguka. Mtoto hapaswi kupokea habari ile mbele ya umati.

Jina la binti yangu lilikuwepo. La mwenzake halikuwepo.

Nilimwambia yeye kwanza, tukiwa wawili karibu na mbabula, jiko la makaa, nyuma ya nyumba. Aliuliza kitu kimoja tu: “Mama mkubwa, mama anajua?” Nikamwambia bado, na kwamba akitaka atampigia mwenyewe. Alipiga mwenyewe. Kisha nikamwita binti yangu nikampa yake, na sikumkataza kufurahi. Alikuwa ameifanyia kazi nafasi ile. Ndugu waliopiga simu kuuliza nani kapita, niliwajibu kwamba Septemba wote watakuwa darasani, basi.

Kesho yake nilirudi kumwona prefe, mkuu wa shule, bila ugomvi, kuuliza alama zilipotea wapi. Hesabu ilikuwa nzuri, Kifaransa ndicho kilichomwangusha. Nikiwa natoka, jamaa mmoja getini akaninong'oneza kwamba nafasi inapatikana ukijua kuongea. Mume wangu alikataa nami nikakataa. Mtoto angekaa kwenye darasa asilolifuata, akijua alivyoingia.

Tulimtafutia shule nyingine katika komini ya Kenya, sehemu ya hapahapa Lubumbashi, ambako anafika kwa miguu. Hapo nilikwenda na buleti (ripoti za alama) zake zote za la tano na la sita, nikamwomba prefe azitazame pamoja na testi. Alikubaliwa mwezi wa Agosti. Binti yangu alitaka kumfuata. Tulizungumza naye siku kadhaa, maana wamekua wakilala chumba kimoja, na mwisho aliamua mwenyewe kubaki na nafasi yake. Angeamua vingine ningemkubalia, ingawa moyo wangu ulikuwa upande wa mjini.

Jioni bado wanasoma meza moja, na sasa binti yangu ndiye anayemsomea mwenzake diktee. Buleti ya kwanza ilipotoka, ya kijana tuliisoma naye mstari kwa mstari kabla ya kuituma Kolwezi. Kifaransa kimepita nusu. Anataka akimaliza la nane achukue umeme, na mdogo wangu ameshaanza kuulizia shule za ufundi.