Siku moja maishani mwangu: fundi wa ekzosi Kizota, Dodoma

Saa 12 na nusu asubuhi nshafika gereji. Mwezi wa saba Kizota ina baridi na ule upepo wa Dodoma unaokujaza vumbi mpaka kwenye meno, ila hii saa naipenda kuliko zote, kwa sababu ekzosi, yaani njia ya moshi wa gari, ikivuja huisikii vizuri mpaka injini iwe imelala baridi. Ikishapata moto chuma kinatanuka, mwanya unajibana, mlio unapungua au unapotea kabisa, na mteja anakwambia fundi imepona yenyewe. Haijapona. Ndo maana huwa naomba gari ilale hapa usiku.

Watu wakisikia fundi ekzosi wanajua ni mtu wa kuchomelea silensa iliyotoboka, dakika ishirini unalipwa unaondoka. Ile ni kazi ya nyuma ya gari. Kazi inayonila mikono iko mbele, kwenye manifodi, chuma kinachokusanya moshi, pale unapotoka tu kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ukiwa wa moto kabisa.

Saa 1 nikawasha pikapu iliyoletwa jana jioni, Hilux ya zamani ya dizeli, injini aina ya 3L. Tki tki tki tki, haraka haraka, ukigusa mafuta na yenyewe inaongeza kasi. Dogo wangu akaenda nyuma akaziba bomba na tambara kwa sekunde chache, mimi nimeinama na tochi, nikaona moshi unapuliza nyuma kabisa kwenye silinda ya nne, karibu na ukuta wa kebini. Nikazima. Masizi meusi yametapakaa pale kwenye hedi na juu yake kuna silikoni nyekundu iliyoungua imekuwa kama mkate mkavu, kazi ya fundi aliyepita.

Saa 2 mpaka saa 3 chai na chapati, breki za Noah moja, oili ya bajaji. Hizo hazina hadithi.

Saa 3 mwenye pikapu akafika. Jamaa anabeba mahindi kwenda soko la Kibaigwa na mzigo wake ulikuwa unamsubiri mchana, kwa hiyo alishuka kwenye bodaboda tayari amekasirika.

"Fundi, imeisha?"

"Bado kaka, ndo nimeshaona tatizo, njoo nikuoneshe."

"Kuna mtu Nkuhungu kaniambia ni tapeti hizo. Rekebisha tapeti niondoke."

Nikamwambia kaka, tapeti, zile za kusukuma valvu ndani ya injini, ikilia haiachi masizi nje ya hedi, weka kidole hapa uone. Akaweka, kikatoka cheusi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema basi paka silikoni nyingine, ile ya kwanza si ilikaa wiki nzima? Hapo ndo siku yangu ilipoanza kuwa ndefu, maana ilibidi nimueleze na spana iko mkononi. Manifodi inapata moto mkali kuliko hedi, kwa hiyo inatanuka zaidi, na kwa kuwa ni ndefu, mwisho wake wa mbele na wa nyuma ndo unaosogea sana. Kila ukiwasha inasogea, ukizima inarudi, miaka na miaka, stadi za mwishoni, zile bolti zinazoishika kwenye hedi, zinachoka zinakatika. Stadi ikishakatika hakuna kinachobana gasketi pale, ile ya kuziba kati ya manifodi na hedi, moshi unapita, unakula gasketi. Silikoni hapo utapaka mpaka uchoke.

Bado akawa anaangalia saa. Nikamuuliza, ukisafiri unasikia harufu ya moshi ndani? Akasema ndiyo, ila hii ni dizeli, lazima inuke. Na kichwa je? Akaniangalia. Akasema mke wake analalamika kichwa kila wakienda naye, na huwa anampakata mtoto, walidhani ni jua. Kaka, huo moshi unatokea hapahapa mbele ya miguu yenu, na hewa ya kebini inavutwa kutoka hukuhuku mbele, chini ya kioo. Harufu unayoisikia ni sehemu tu, ndani yake kuna kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, inaua watu wamelala. Hii kitu sipendi ichukuliwe kirahisi. Mlio unakera masikio, lakini mimi mlio wenyewe haunisumbui kabisa, kinachonisumbua ni huyo mtoto.

Akasema haya, fungua.

Nati nilikuwa nimezilowesha oili ya kulegeza kutu tangu jana jioni, na hapo ndo uvumilivu unapoonekana. Huvuti kwa nguvu. Unapasha nati na gesi mpaka iwe nyekundu, unairudisha nyuma kidogo, ikikaza unaenda mbele kidogo, unarudi tena, unasikiliza. Ikianza kuwa laini kama inanyongeka ujue inataka kukatika, unaacha, unapasha upya. Zilitoka zote, nyingine zikipiga kelele, ila stadi ya silinda ya nne ilishakatika zamani na kipande kimebaki ndani ya hedi, ndani kabisa kuliko uso wake.

Pale mkono wenyewe hauingii vizuri. Nikalaza gunia juu ya fenda, nikapanda, kifua juu ya injini, kichwa chini. Betri nimeshachomoa, maana huwezi kuchomelea kwenye gari betri ikiwa imefungwa. Unajaza kwanza chuma kidogo juu ya kile kipande kwa welda, taratibu, bila kugusa ukuta wa tundu, mpaka kijitokeze, halafu unaweka nati juu yake unaichomelea kwa ndani. Ikipoa kidogo unageuza. Nati ikabanduka. Nikasafisha nikarudia. Ikabanduka tena. Jua lishakuwa kali, bati la gereji linachoma, jasho linaingia jichoni na glavu huwezi kujifutia, na jamaa kasimama nyuma yangu anaongea na simu kwa sauti, "fundi huyu ananichelewesha, sijui anafanya nini." Halafu umeme ukakata.

Tukakaa. Sijui ilikuwa saa sita au saa saba, mama lishe alikuwa anapita na wali maharage nikala nimesimama. Jamaa akasema si utoboe tu na kekee? Nikamwambia nitatoboa ikishindikana kabisa, lakini kekee ikiteleza pale ikala hedi, hutanilipa mimi tena, utalipa hedi. Umeme uliporudi nikachomelea upya, safari hii nikaiacha ikapoa mpaka rangi ikapotea, nikashika spana, mbele kidogo, nyuma kidogo, ikajibu. Nikaisikia mkononi kabla sijaiona. Ikatoka nzima na kutu yake, nikampa jamaa kiganjani ikiwa bado ya moto kwenye tambara. Hakusema kitu, ila simu aliiweka mfukoni.

Baada ya hapo nikalaza rula ya chuma kwenye uso wa manifodi, fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, ikapita chini bila kuguswa, yaani imepinda. Ukifunga gasketi mpya juu ya uso uliopinda umetupa hela. Dogo akaibeba na bodaboda kwenda kwa wachonga vyuma, kukawa na foleni, ikarudi jioni jioni imenyooka inang'aa. Nikapitisha tapu kwenye matundu yote kusafisha nyuzi, stadi mpya na grisi ya shaba, gasketi ya chuma kavu bila silikoni yoyote, nati zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu.

Tukawasha jua linazama. Kimya. Unasikia injini yenyewe tu, ule mngurumo mzito wa dizeli ya zamani, na dogo kaziba bomba kule nyuma na hakuna kinachopuliza popote.

Kwenye hela tukavutana kidogo, anasema gasketi bei yake anaijua, ufundi elfu themanini unatoka wapi. Nikamuonesha kile kipande cha stadi, nikamwambia gasketi mtoto wako anaweza kwenda dukani kuinunua, unanilipa kwa kukitoa hiki bila kuharibu hedi. Akatoa sabini, nikakataa, akaongeza kumi.

Mzigo wa Kibaigwa kausogeza mpaka kesho. Nimemwambia asubuhi apite kabla hajaondoka, injini ikiwa baridi, nimkazie nati tena, maana gasketi ikishapata moto mara ya kwanza inakaa na nati zinalegea. Ameuliza kama hiyo nayo analipia. Halipii.