Nyekundu, nyekundu, kahawia

Ilikuwa Julai 2018, Iringa, na mnaoijua Iringa ya Julai mnaijua baridi yake, asubuhi unaongea mvuke unatoka mdomoni. Nlikuwa na miaka tisa nafundisha fizikia sekondari, nikapata nafasi kwenye warsha ya walimu ya siku tatu, kujifunza umeme mdogo mdogo na kuprogramu maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, nauli unajitegemea ila chai na chakula cha mchana vipo. Nilienda kwa sababu moja tu, nlikuwa nimechoka kufundisha sheria ya Ohm kwa chaki.

Niseme ukweli. Miaka tisa naandika V = IR ubaoni, volti ni mkondo mara ukinzani, nasahihisha madaftari ya V = IR, natunga mitihani ya V = IR, na miaka yote hiyo sijawahi kushika rezista, kile kijipande cha kupunguza mkondo wa umeme, kwa mkono wangu. Chuoni tulikuwa watu kumi kwenye kifaa kimoja, wanaoshika ni waliowahi mbele, sisi wengine tunanakili majibu. Na shuleni nikakuta maabara ni meza na sinki basi. Hili jambo liliniuma muda mrefu na sikuwa na wa kumwambia.

Tukapangwa wawili wawili. Mi nikakaa na mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima, kitenge juu ya sweta, nikamwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu hapo hapo akaniambia kompyuta mimi sijazoea, usiniache. Nikamwambia hatuachani.

Dada aliyekuwa anatufundisha alianza kwa kutuonesha ile bodi, zilikuwa za mfano wa Arduino Uno zilizotengenezwa China, tundu lake kama la chaja ya simu. Katikati kuna chipu nyeusi ya mraba, ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, akasema hiyo ndo kompyuta yenyewe, nafasi ya kuhifadhi programu ni kilobaiti 32 tu, yaani picha moja ya simu yako haiingii, lakini inaweza kuendesha taa za barabarani, mashine ya kutotolea vifaranga, pampu ya bustani. Akasema Arduino ilianza 2005 mji wa Ivrea huko Italia, wanaofundisha walitaka kitu cha bei nafuu kwa wanafunzi ambao hawakusomea uhandisi. Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti, kumbe hiki kitu kilizaliwa darasani.

Zoezi la kwanza ni kuwasha taa ndogo iliyopo kwenye bodi, pini namba 13, iwake sekunde moja izime sekunde moja. Meza zote zikaanza kuwaka, ya kwetu hamna. Umeme bodi inapata, ila kompyuta haiioni kabisa, kwenye menyu ya porti hamna kitu. Dada akaja akaweka upya draiva, ile programu ya kuifanya kompyuta iitambue bodi, akazima laptopu akawasha, akatubadilishia bodi, wapi. Karibu saa nzima imeenda, wenzetu wapo zoezi la tatu, na mi moyo umeshaanza kuvunjika. Mama muda wote kimya. Akachomoa kebo, akaibinya binya kwa vidole, akasema mwanangu hii kebo nyembamba, mi jioni nauza chaja na kava za simu pale nje nyumbani, kebo za hivi zinachaji tu, ukitaka kuhamisha picha zinagoma, wateja huwa wananirudishia. Dada akashika kichwa! Akatueleza kebo kamili ina waya nne ndani, mbili za umeme, mbili za kupitisha data, hizi za bei chee zile mbili za data hawaweki. Mwalimu wa meza ya nyuma akatuazima kebo ya simu yake na taa ikawaka pale pale.

Baada ya chai ikaja LED ya nje, taa ndogo ya miguu miwili, unaichomeka kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuunganishia vifaa, mguu mrefu wa LED ndo chanya, na kila mtu achukue rezista ya ohm 220. Mama akauliza, kwa nini 220, mbona isiwe nyingine? Dada yuko mbali anahudumia watu. Nikageuza karatasi ya ratiba nikaandika nyuma. Pini inatoa volti 5, LED nyekundu inachukua kama 2, zimebaki 3, mkondo tunautaka kama miliampia 15, sasa 3 gawanya kwa 0.015 ni 200. Kwenye boksi hamna 200, inayofuata kwenda juu ni 220. Nikatafuta kwa rangi za mistari iliyochorwa kwenye rezista: nyekundu, nyekundu, kahawia, yaani 2, 2, na sifuri moja. Nikaiokota. Mkono ulikuwa unatetemeka jamani, ni mara ya kwanza ile fomula inanipa kitu cha kushika. Tukapima volti na multimita, kile kipima umeme, kwenye LED ikasoma karibu 2, kwenye rezista karibu 3.

Mama yeye alishahamia kwenye programu. Hii 1000 ni nini? Milisekunde mama, sekunde moja. Akanyamaza, akaweka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono wake, akawa anaangalia saa ya ukutani. Halafu akaniambia niandikie, nami nikawa naandika anachosema na kurekebisha kila tukijaribu, mpaka tukafika: iwake 100, izime 150, iwake 100, izime 500. Taa ikaanza kudunda. Dudum, dudum, kama mapigo 70 kwa dakika. Akalinganisha na mshipa wake tena, hakusema kitu muda kidogo, halafu akasema darasa la tano nawafundisha moyo kwa mchoro, huu ndo nitawapelekea.

Niliporudi, kidato cha pili walikuwa wanaingia mada ya umeme. Nikapitia kwa fundi redio sokoni, akaniuzia rezista alizochomoa kwenye redio mbovu, mfuko mzima, nikawagawia mbili mbili kabla sijagusa chaki. Dakika kumi za kwanza hamna aliyeandika chochote, walikuwa wanasoma rangi.