Nyoka Mkononi mwa Paulo

Somo: Matendo ya Mitume 27:39 – 28:6

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Tafakari hii nimeiandika na kuifuta mara mbili, maana inamhusu mama mmoja wa jumuiya yetu, na inanihusu na mimi. Nilimwomba ruhusa. Akanijibu, "Andika, ila jina langu uliache hukohuko." Basi nimeliacha.

Ilikuwa Jumamosi, Mei 4, 2024, siku ambayo redio zilishinda zikitaja kimbunga Hidaya. Zamu ya sala ya jumuiya ilikuwa kwa mama huyo, Katonga, hapa Kigoma, nyumba iliyo juu kidogo ya mwalo wa wavuvi, ambako hata ukifunga dirisha harufu ya dagaa inakufuata. Tulipofika kwenye maombi, mzee wetu mmoja akasali kwa sauti: Bwana, tunakushukuru kwa kuwa umetupenda watu wa Kigoma, vimbunga vya Pwani hutuletei. Tukaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Sala ilipokwisha, mwingine akatia neno kwamba huko Pwani mambo ni mengi, na Mungu naye huchoka. Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Mwenye nyumba alikuwa ameingia ndani kuleta chai, akakawia. Nilipomfuata nimsaidie vikombe nilimkuta amekaa juu ya gunia la mkaa, chupa ya chai imejaa iko miguuni pake, simu mkononi, anapiga namba ileile. Mwanawe anauza dagaa wetu Kilwa. Tangu asubuhi alikuwa hapatikani.

"Mmesema watu wa Pwani wana dhambi," akaniambia bila kuinua uso. "Huyu wangu ni wa Katonga. Kabatizwa parokia hiihii."

Sikuwa na jibu. Nilibeba vikombe.

Sasa turudi kwenye somo. Merikebu ya Paulo ilipigwa na tufani siku 14, jua halionekani, nyota hazionekani. Luka anatuhesabia waliokuwamo: watu 276. Merikebu ikavunjika, lakini watu wote wakafika pwani ya Malta, wanaojua kuogelea kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Wenyeji wakawawashia moto, maana mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwa kali. Paulo naye, mfungwa, mzee, nguo zimemganda mwilini, akaenda kuokota kuni. Alipoziweka motoni akatoka nyoka akamng'ata mkono. Papo hapo wenyeji wakaambiana kwamba bila shaka mtu huyu ni mwuaji: ameokoka baharini, lakini haki haikumwacha aishi.

Tusiwadharau watu wale. Kwao moto ulitangulia, hukumu ikafuata. Sisi Katonga tulianza na hukumu, kisha tukanywa chai ya mama ambaye mwanawe tulikuwa tumeshamhukumu.

Halafu wakamkodolea Paulo macho, wakingoja avimbe au aanguke. Walipoona hapatwi na neno, wakageuza: huyu ni mungu. Toka mwuaji hadi mungu, bila kutua hata kidogo kwenye jambo lililokuwa wazi mbele yao, kwamba ni mtu aliyelowa.

Tabia hii ya kusoma msiba kama hati ya mashtaka ni ya zamani. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu kwa maelfu. Pemba ikanusurika, na tangu hapo ndiyo ikawa nyumba ya karafuu. Je, Wapemba wa mwaka ule walikuwa wachamungu kuliko Waunguja? Sidhani yupo wa kusimama sokoni Darajani, Unguja, na kulisema hilo.

Kimbunga hula joto la maji ya bahari. Kikipanda nchi kavu kinanyimwa chakula, kinadhoofika, kinabaki mvua na upepo wa kawaida. Toka Pwani mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000, na ziwa letu, pamoja na urefu wake wote, ni jembamba mno kulea kitu kama kile. Kilichotukinga ni umbali. Kwenye orodha ya karama za Roho Mtakatifu sijaona umbali.

Na umbali wenyewe si wa kuutegemea sana. Usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji. Upepo ukaisukuma bahari mjini, mito ya Buzi na Pungwe ikafurika kwa nyuma, watu wakalala juu ya miti na mapaa. Walikufa zaidi ya 1,000, na si Msumbiji tu, bali hata Zimbabwe na Malawi, nchi zisizo na bahari. Wiki sita baadaye kimbunga Kenneth kikapiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 2023 kimbunga Freddy kiliipiga Msumbiji mara mbili, na masalia yake yakaporomosha milima juu ya nyumba za watu Blantyre, Malawi. Watu wa Blantyre nao bila shaka walikuwa wakisema kimbunga ni habari ya Pwani.

Yesu aliletewa habari ya msiba wa namna hii, naye akataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu: mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe: sivyo. Kisha akawageuzia walioileta habari neno la toba (Luka 13:1-5). Sehemu hiyo ya mwisho huwa tunaisoma haraka.

Nasi tumekuwa Siloamu. Ziwa lilipopanda miaka ile ya 2020 na 2021, maji hayakuja kwa kishindo. Leo yako kizingitini, wiki ijayo yako chini ya kitanda. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo maji yakishaingia hayana haraka ya kuondoka. Sisi tunaokaa juu, Mwanga na Gungu, tulisema, "Nani aliwatuma kujenga ufukweni?" Kana kwamba mvuvi angelaza mtumbwi wake mlimani, au dagaa wangejianika wenyewe. Wa Kilwa naye anakaa karibu na bahari kwa sababu hiyohiyo.

Mtoto alipatikana Jumatatu. Barabara ilikuwa imekatika Somanga, simu haina chaji, kibanda chake kimeezuliwa, mzigo wote wa dagaa umelowa. Yeye mzima.

Jumamosi iliyofuata kikapu kilipopita, yule mzee aliyesali alishika noti yake bila kuitumbukiza, akamuuliza mama, "Bati moja huko Kilwa ni shilingi ngapi?" Mama hakujua. Akapiga simu, akaweka sauti ya nje, akailaza juu ya meza katikati yetu, kando ya mshumaa. Kijana akapokea, akatuamkia sote kwa Kiha. Mzee akainamia simu, akaitikia kabla yetu.